Dakika Saba kwa Miguu

Mtu akikwambia nyumba iko karibu, usikimbilie kushukuru. Muulize kwanza: karibu kwa miguu ya nani? Swali hilo Rula hakuwahi kumuuliza mtu maishani mwake, na ndiyo maana leo tunamkuta amesimama stendi ya mji mdogo wa pwani, begi begani, ramani mkononi, jasho likimchuruzika kabla hajapiga hatua kumi.

Rula si jina alilopewa na wazazi. Ni la kazini. Alikuwa mchora ramani, mwaka wa kumi na tisa huu, katika ofisi iliyo mbali kabisa na bahari, ghorofa ya nne, mwanga mzuri, kiti cha kuzunguka. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu hakuweza kukaa karibu na kitu bila kukipima. Ukimuuliza kantini iko wapi, atakujibu hatua sitini na mbili. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu wa karatasi, na karatasi haina mlima.

Miaka mitatu nyuma, baba yake alipofariki, mama yake aliomba kitu kimoja tu: amalizie siku zake mahali anapoweza kuiona bahari. Lakini mama huyo alikuwa na presha ya macho, ugonjwa unaotafuna uwezo wa kuona kidogo kidogo kama panya na gunia, na daktari alishaagiza apimwe kila mwezi bila kukosa. Rula akaichukua kazi ya kumtafutia nyumba kwa moyo mmoja. Hakunyanyuka kitini. Alitandaza ramani ya mji, akaweka ncha ya bikari kwenye kliniki ya macho, akachora duara, akatafuta nyumba ndani ya duara. Akaipata. Dada yake mkubwa alimuuliza kwenye simu, "Umeenda kuiona?"

"Nimeiona kwenye ramani, dada," akajibu kwa maringo. "Mita mia tano. Dakika saba kwa miguu."

Dada akanyamaza, maana katika familia hiyo Rula ndiye aliyesoma.

Siku ya mama kuhamia, Rula alikuwa na kazi. Alimtumia zawadi: ramani aliyoichora kwa mkono wake, wino wa rangi tatu, ndani ya fremu ya mbao. Nyumba katikati, na njia zikitoka pale kama vidole. Soko, dakika tano. Kliniki ya macho, dakika saba. Ufukweni, dakika tisa.

Baada ya hapo ikawa simu kila Ijumaa. Na kila Ijumaa mama alimsimulia matembezi. "Leo nimeteremka sokoni, baba. Nikapita pale posta, nikakata kona ya benki, nikaenda hadi ufukweni nikaosha miguu." Na macho je? "Wamenipima juzi, wanasema niko sawa." Rula alikuwa akikata simu moyo mweupe. Mama mzima, miguu inafanya kazi, ya nini mtu kupanda basi siku nzima kwenda kumtazama mzima? Mwaka ukaisha. Wa pili ukafuata, wa tatu nao ukaingia. Safari hii amekuja kwa sababu dada yake alimfokea: "Mama kaniandikia barua, mistari imepandana kama kuni. Nenda ukamwone. Na ukinambia una kazi, nitakuja hapo ofisini nikuburute mbele ya bosi wako."

Basi ndiyo huyo stendini. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mchora ramani kuuliza njia ni msiba. Akafuata karatasi. Karatasi ilimwambia mtaa unanyooka. Mtaa ukanyooka kweli, kisha ukagonga ukuta wa mawe mrefu kuliko nyumba. Akarudi, akajaribu wa pili. Ukuta. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo kwenye roshani alimtazama akipita mara ya tatu, akashindwa kuvumilia.

"Kaka, umepoteza nini?"

"Mtaa huu unaendelea wapi?"

"Unaendelea." Alinyoosha kidole juu, si mbele. "Huko."

Rula akainua shingo. Juu ya ukuta, kimo cha nyumba mbili zikipandiana, aliona kibao chenye jina lile lile la mtaa. Kwenye ramani ulikuwa mstari mmoja, hata wino haukukatika. Akamshukuru yule mwanamke, akaenda zake.

Akaamua kutumia alama alizozisikia kwa mama kila Ijumaa: posta, halafu kona ya benki. Benki aliipata. Posta hakuiona. Palipotakiwa kuwa na posta palikuwa na duka la magodoro, muuza duka amelala juu ya bidhaa yake.

"Posta?" Muuza duka alijikuna. "Ilivunjwa, bwana. Huu mwaka wa pili."

Hapo Rula akasimama kama aliyemwagiwa maji. Wewe msomaji utadhani alishangaa. Hakushangaa. Alikuwa anajua. Taarifa ya kuvunjwa kwa posta ile ilifika mezani kwake mwenyewe, na ni yeye aliyekaa akaifuta kwenye chapa mpya ya ramani, kijisanduku cheusi chenye bahasha. Ijumaa ya wiki ile ile mama akamwambia amepita posta na foleni ilikuwa ndefu. Rula alilisikia. Neno lilimgonga sikioni, na swali likamfika ulimini: posta gani, mama? Akalimeza. Kwa sababu angeuliza, angejibiwa. Na akijibiwa ingebidi aje. Ni heri kusikia mama ameosha miguu baharini. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema lolote juu ya anayedanganywa huku anajua. Huyo njia yake inaweza kuchukua miaka mitatu.

Alifika chini ya ngazi za kilimani saa sita mchana. Zilikuwa ngazi za mawe, nyembamba, zimebanwa na kuta za nyumba huku na huku, zinapanda mpaka jicho linachoka. Mchukuzi mmoja wa makamo alikuwa anajitwisha mtungi wa gesi begani, taulo limekunjwa chini yake.

"Unapanda, bosi?"

"Nakwenda nyumba ya tatu kushoto, ya dirisha la kijani."

"Aah, kwa Mama Dirisha."

"Siye," Rula alisema haraka. "Mama yangu hutoka kila siku."

Mchukuzi alimtazama kwa utaratibu, kuanzia viatu hadi kichwa. "Basi bosi, huenda huko juu kuna mama wawili na mimi nimemjua mmoja."

Wakapanda pamoja. Rula akawa anahesabu, maana tabia haina dawa. Hakuna gari linalofika kule, mchukuzi alieleza; barabara inazunguka mguu wa kilima na kwenda zake. Gesi, makabati, mchele, wagonjwa, vyote hupita mgongoni mwake na mwa wenzake wanne. Kwenye ngazi ya tisini na sita palikuwa na kikao cha kupumzikia, akautua mtungi, akajifuta uso.

"Mimi ndiye niliyempandisha huyo Mama Dirisha siku anahamia," alisema. "Magoti yalimgomea hapo chini, ngazi ya arobaini. Tukamweka kwenye kiti, wawili mbele, wawili nyuma. Alilia njia nzima. Si maumivu, bosi, aibu. Anasema kabebwa kama kabati. Akaapa hatabebwa tena. Tangu siku hiyo hajashuka."

"Hajashuka kwenda wapi?"

"Hajashuka." Mchukuzi alikunjua taulo. "Mahitaji yake nampelekea mimi. Lakini mama ana maswali yule. Samaki wapo leo? Benki kuna foleni? Mawimbi makubwa au madogo? Nilidhani ni umbea wa upweke. Sijui habari zote hizo anazipeleka wapi."

Rula alijua zinakokwenda. Aliketi juu ya jiwe.

"Na kliniki?"

"Dawa ya kudondoshea nilikuwa namchukulia. Mwaka jana wakakataa. Wanataka jicho lenyewe, wakasema, si barua ya jicho. Nikamwambia mama, panda kiti tukushushe. Akasema mwanawe anakuja karibuni, watakwenda wote."

Rula aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Ikamjia fikra ya kushuka, kupanda basi, na kupiga simu Ijumaa kama kawaida. Tusimfiche: ilimjia, na aliikalia kwa muda unaotosha kunywa kikombe cha chai. Kisha mchukuzi akajitwisha mtungi wake, akasema twende, gesi haijipeleki, na Rula akamfuata kwa kuona haya kubaki. Alipofika mlangoni alikuwa amehesabu mia mbili na kumi na mbili.

Mama alikuwa dirishani. Alisikia hatua, akasimama, akafungua mikono, na mikono ile ikafunguka kuelekea upande wa kabati, si upande aliosimama mwanawe. Rula akaenda akasimama mbele ya kabati ili akumbatiwe.

"Umekonda, baba," mama alisema akimpapasa uso. "Umechoka? Hizi ngazi ni za kuchangamsha damu tu. Mimi huzipanda nikiimba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Ungekuja asubuhi ungenikosa, nilikuwa sokoni."

Akamimina chai. Aliweka kidole ndani ya ukingo wa kikombe, chai ilipomgusa akaacha kumimina. Alifanya hivyo kwa wepesi wa mtu aliyezoea, akazungumza muda wote ili mgeni asitazame mkono. Rula akatazama pembeni. Ndipo alipoiona ramani yake ukutani.

Kioo kilikuwa kimetolewa kwenye fremu. Kilikuwa kinamtupia mwanga machoni, mama alisema. Na karatasi ilikuwa imechafuka kwa namna ya ajabu. Kutoka nyumbani hadi sokoni, kutoka sokoni kupita posta hadi kona ya benki, kutoka benki hadi ufukweni, wino ulikuwa umefifia kabisa na karatasi imeota weusi wa mafuta ya mkono. Njia zile zilikuwa zimechakaa kwa kidole. Kila Ijumaa mama alisimama pale, simu sikioni, akatembea mjini kwa kidole cha shahada ili asikosee, ili mwanawe asisikie mahali ambapo hakupachora. Na njia ya kliniki ilikuwa imechakaa kuliko zote.

Rula akaigusa njia ile kwa kidole chake.

"Mama, kesho asubuhi twende wote kliniki."

"Ya nini? Nimetoka juzi."

"Mama. Nimezihesabu ngazi."

Mama alikiweka kikombe chini, akakigusa tena kuhakikisha kiko mezani. "Umepata ngapi?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

"Umekosea. Mia mbili na kumi na nne. Mbili za mlangoni watu huzisahau." Akatabasamu kidogo, tabasamu likamshinda, akaugeuza uso. "Ulikuwa umefurahi sana, baba. Ile siku umepata nyumba. Uliongea kama mtoto aliyeshika namba moja. Ningekwambiaje?"

"Ungenambia tu."

"Na wewe ungekosa usingizi. Mtu mmoja wa kukosa usingizi anatosha."

Asubuhi mchukuzi alikuja na kiti. Mama alikitazama kile kiti kama anayemtazama mdai, akakataa. Kabati ni kabati, akasema, na yeye ni mtu, atashuka kwa miguu yake hata kama ni mwaka kesho. Wakabishana mpaka wakapata muafaka: Rula alishuka ngazi moja mbele, mama nyuma yake mikono mabegani mwake, na mchukuzi nyuma kabisa amebeba kiti kitupu, kila penye kikao anakitua, mama anakaa. Wakashuka hivyo. Ngazi moja, pumzi tatu. Rula alisikia kucha za mama zikimwingia begani kila goti lilipokubali kukunjika, na mama hakuguna hata mara moja. Angeguna ingekuwa nafuu kwa Rula.

Watu walitoka milangoni. Kumbe Mama Dirisha ana miguu, mmoja alitania, na mama akamjibu kwamba ilikuwa imehifadhiwa isichakae. Wakacheka. Rula hakuweza kucheka.

Kwenye kikao cha ngazi ya tisini na sita, mama alipokaa na mchukuzi akasogea kando kununua maji, Rula alichuchumaa mbele yake.

"Mama, ile posta. Nilijua ilivunjwa. Niliifuta mimi mwenyewe kazini. Uliponiambia umepita posta, nilijua hukupita. Nikakaa kimya."

Mama alipangusa magoti yake kama yana vumbi. Jicho lake la kulia lilimtafuta mwanawe, likampata. La kushoto lilibaki linatazama ukuta.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi," mama alirudia. "Mwaka juzi la kushoto nilikuwa naona nalo mashua." Rula akainamisha kichwa. Angependa atukanwe. Mama akavuta pumzi, akamwekea mikono mabegani. "Haya, nyanyuka. Miguu ikipoa itagoma, na sibebwi."

Walifika kliniki baada ya mwendo wa saa mbili na robo. Daktari aliangalia kwa taa yake, akaangalia tena, kisha akavuta kiti karibu, na daktari akivuta kiti ujue hakuna heri. Jicho la kushoto limekwenda, alisema, hakuna wa kulirudisha. La kulia linaweza kuokolewa, lakini si kwa kungoja, upasuaji keshokutwa. Mama akasema ahsante, daktari.

Wakapelekwa kwa nesi kuandikishwa. Alikuwa msichana mchangamfu, fomu mbele yake, kalamu imefungwa kwa uzi mezani. Akaeleza utaratibu: vitanda ni sita tu, kwa hiyo wanaokaa karibu hurudi nyumbani siku ile ile na kuja kila asubuhi kubadilishiwa bandeji, siku kumi na nne. Wanaotoka mbali hulazwa.

"Nyumbani ni umbali gani, bibi?"

"Karibu, mjukuu wangu," mama alijibu bila kusita, sauti ya mtu mwenye nyumba nzuri. "Dakika saba kwa miguu."

Nesi akaandika. Rula aliiona saba ikishuka kwenye karatasi, safi, yenye mkia mzuri, saba yake mwenyewe. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Mama angerudi juu akiwa amefungwa jicho la pekee, na kesho yake angeshuka ngazi mia mbili na kumi na nne gizani, na kesho kutwa tena, na asingeguna. Rula alikuwa mzoefu wa kunyamaza.

"Sista, futa hiyo," alisema.

"Nifute nini?"

"Saba. Si kweli. Ni ngazi mia mbili na kumi na nne, na leo tumeshuka kwa saa mbili na robo. Mama ana miaka mitatu hajashuka."

Nesi aliiweka kalamu. "Miaka mitatu? Na presha ya macho?" Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayeshangaa tu. "Nani sasa alimtafutia bibi nyumba kule juu?"

"Dalali," mama aliwahi. "Hawa madalali, mjukuu wangu, wangekuuzia hata kisima." Chini ya meza alimkanyaga Rula mguu, vile vile alivyokuwa akimkanyaga utotoni mbele ya wageni ili anyamaze.

Rula akauvuta mguu wake.

"Mimi," alisema. "Niliitafuta mimi. Sikuja kuiangalia."

Nesi akawatazama wote wawili, akashika kalamu, akaikata ile saba, akaandika juu yake neno moja: mbali. Mama akanyoosha mkono kumshika mwanawe, mkono ukapita hewani, akaurudisha, akaunyoosha tena, ukapita. Rula alikuwa amekaa upande wa kushoto. Akainuka, akazunguka kiti, akaketi upande wa kulia.